Samaki wa Waziri?

Mnamo Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa ikivua bila kibali katika bahari kuu ya Tanzania, ikaletwa Bandari ya Dar es Salaam na tani zipatazo 296 za samaki, wengi wao jodari. Mjini wakabatizwa "samaki wa Magufuli", aliyekuwa waziri wa uvuvi. Ati wa waziri! Jodari mwili wake una joto kuliko maji aogeleayo, kwa hiyo njaa haimwachi: humwandama ngisi vilindini, na visamaki juu ya maji. Kwa kadirio la kawaida, kilo 1 ya nyama yake huila bahari windo la kilo 10. Mwenye kudai kuwa bahari haifilisiki na azitafute kwanza hizo tani 3,000 ambazo mizani haikuziona.