Taa za Ziada: Unajimulikia Njia au Unatupofusha?

Jamani, hivi nani aliwadanganya vijana wa mjini kwamba gari bila ule mstari wa taa za LED juu ya paa halijakamilika? Toka Dar jioni kuelekea Morogoro uone. Kabla hujafika Chalinze utakuwa umekutana na majua kadhaa yanakuja mbele yako. Kigari kidogo, IST au Vitz, kimefungwa taa za kuwindia nyati! Unampigia mwenzako taa apunguze, naye bila hiyana anapunguza zile za kiwandani. Zile alizofungiwa mtaani zinabaki zinawaka. Unabaki unang'ang'ania mstari wa pembeni mwa lami na kumwomba Mungu pasiwe na mzee na baiskeli yake.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusigombane. Sipingi taa za ziada, napinga taa ya ziada inayowaka hata baada ya dereva kupunguza fulu. Hiyo kwangu si taa, ni silaha.

Sababu za kuzihitaji zipo, tena ni za hesabu. Kilometa 80 kwa saa ni takriban mita 22 kila sekunde. Mpaka ushtuke na kukanyaga breki, sekunde moja na nusu imepita, mita 33 zimekwenda. Kwenye lami kavu, na matairi mazuri, gari litataka mita nyingine 35 hivi kusimama. Jumla karibu mita 70. Dimu za gari nyingi hazimuliki vya kutosha kufika huko. Kwa anayekatiza Mikumi usiku, kilometa 50 za barabara ndani ya hifadhi huku wanyama wakivuka watakavyo, taa ya kuona mbali si pambo.

Sasa geuza hesabu hiyo hiyo upande wa pili. Macho yaliyopigwa na mwanga mkali yanachukua sekunde kadhaa kurudi. Tuseme tano tu. Kwa mwendo ule ule umekwenda mita 110, zaidi ya uwanja mzima wa mpira, ukiwa kipofu mwenye leseni. Na kumbukeni, tangu Serikali iliporuhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku mwaka 2023, huyo unayempofusha anaweza kuwa na watu zaidi ya hamsini nyuma yake. Taarifa za ajali tunazoletewa vyumba vya habari zina maneno yale yale: mwendo kasi, uzembe, kuovateki pasiporuhusiwa. Taa za yule aliyepishana naye haziulizwi. Huwa zimeshafika mbali.

Kwa hiyo unataka kununua? Subiri kwanza. Angalia kioo cha taa ulizonazo. Gari zetu nyingi zimekuja zikiwa zimeshatumika Japani, na ile plastiki ya mbele imefubaa na kuwa ya njano. Msasa laini wa maji, namba 1000 kisha 2000, halafu polishi, vitakurudishia mwanga ambao ungekwenda kuulipia Kariakoo. Usisahau kupaka dawa ya kuzuia jua, la sivyo itafubaa tena.

Kama bado hutosheki, amua unataka kuona nini. Spoti ina mwanga mwembamba unaokwenda mbali, ni ya barabara ndefu iliyonyooka. Taa ya ukungu ina mwanga mpana uliokatwa juu, na mahali pake ni chini kwenye bampa. Watu wa Njombe, Tukuyu na Lushoto wananielewa. Ukiwa ndani ya ukungu, taa nyeupe iliyo juu ya paa inakuwekea ukuta mweupe puani, maana mwanga unagonga matone ya maji na kukurudia mwenyewe. Watu wanabishana sana kuhusu njano na nyeupe, lakini mimi naona urefu wa taa kutoka ardhini na umbo la mwanga wake vina maana kuliko rangi.

Halafu msome boksi kwa akili. Limeandikwa wati 300? Gawa kwa volti 12, unapata ampea 25. Kisha tazama waya uliokuja nayo, mwembamba kama wa redio ya mbao. Ampea 25 zingepita humo, ungekuwa unanusa moshi! Mimi ningechukua taa mbili za wati 55 za kweli, zenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni, alama ya kupimwa kwa viwango vya kimataifa (ingawa nayo siku hizi inafojiwa).

Kwenye kufunga ndiko vita ilipo. Fundi atakuambia, "Bosi, tuweke swichi yake yenyewe, ndiyo nzuri." Mkatalie, kwa heshima. Mwambie anataka rilei ya miguu minne. Mguu wa 30 unapokea moto wa betri kupitia fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu kabisa na betri. Wa 87 unakwenda kwenye taa, kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, mbali na ekzosi. Wa 86 unachukua moto kutoka waya wa fulu, na wa 85 unakwenda kwenye bodi kupitia swichi ya ndani. Hapo spoti haziwaki mpaka fulu ziwake, na ukipunguza zinazimika zenyewe. Apime kwa testa kwanza, kwa sababu Toyota nyingi zinakata taa upande wa hasi na miguu hiyo itabidi ibadilishwe. Akikasirika kwa sababu umemwambia apime, tafuta fundi mwingine.

Za ukungu zenyewe ziungwe pamoja na dimu.

Mwisho, zielekeze usiku ukutani, mahali tambarare. Katikati ya mwanga wa spoti isipande juu ya kimo cha taa yenyewe, na ya ukungu ikatike chini yake kidogo. Lakini pakia kwanza mizigo unayosafiri nayo, maana buti likijaa pua ya gari inanyanyuka, na taa nazo zinanyanyuka.