Shujaa Hana Maji

Mnaopenda shoo za wazimamoto, hebu leo tuwaache wenye helmeti wapumzike. Mimi nina neno na wale wasioonekana: prodyusa, mhariri wa video, na bosi wa kituo cha runinga anayelipia kila kitu. Hao ndio huamua moto uanzie wapi na uishie wapi. Kwao moto huanza king'ora kikilia na huisha mama akimkumbatia mtoto wake. Yaliyotokea kabla ya king'ora hayawahusu, na hapo ndipo tunapokosana.

Chukua LA Fire & Rescue. NBC ilianza kuionyesha Juni 2023, na nyuma yake yuko Dick Wolf, mzee yule yule wa Chicago Fire, pamoja na kampuni ya 44 Blue Productions. Chicago Fire ni maigizo, tangu 2012. Hii nyingine ni uhalisia: wazimamoto wa kweli wa Kaunti ya Los Angeles, moto wa kweli, jasho la kweli. Idara yao ya zimamoto ndiyo iliyofungua milango. Sasa jiulize, anayekufungulia mlango si ndiye anayechagua vyumba utakavyoingia? Prodyusa anataka kurudi kituoni kesho, na msimu ujao pia. Hahitaji kuhongwa ndiyo anyamaze. Hamu ya kurudi inatosha.

Januari 2025, moto wa Eaton uliteketeza Altadena, ndani ya kaunti hiyo hiyo. Wazimamoto hawakukosa ujasiri. Lakini magharibi mwa Altadena amri ya kuhama ilitolewa saa nyingi baada ya moto kuanza, na karibu wote waliokufa walikuwa upande huo. Mwezi huo huo mamia ya wafungwa walipelekwa kupambana na mioto ya California, malipo yao ya msingi yakiwa kati ya dola 5.80 na 10.24 kwa siku. Amri ilicheleweshwa na nani? Malipo hayo yalipangwa na nani? Hayo ni maswali ya ofisini, na ofisi haipendezi kwenye kamera.

Mbona natembea Altadena na mimi ni mtu wa Voi? Kwa sababu klipu zao ziko kwenye simu zetu, na nina hakika siku moja prodyusa wa Nairobi atashuka hapa na SGR akiwa na wazo lake: wazimamoto wetu, nyika, machweo, droni juu ya Tsavo.

Kamera si mgeni huku. Zaidi ya nusu ya kaunti hii ni mbuga ya Tsavo, kwa hivyo anayekuja na lenzi huanza na tembo. Athena, yule malkia wa The Elephant Queen, alirekodiwa hapa. Lakini ile filamu ya simba wala watu wa Tsavo, The Ghost and the Darkness ya 1996, ilienda kupigwa Afrika Kusini. Yaani hadithi yetu waliitaka, sisi wenyewe hapana.

Kupitwa tumezoea, bana. Maji ya Mzima yanatoka Tsavo Magharibi kwenda Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, na bado mtu wa Voi ananunua maji kwa mtungi. Bomba la mafuta la kutoka Mombasa kwenda Nairobi linapita hapa pia, na kituo kimoja cha kuyasukuma kiko Maungu. Barabarani matanka yanapishana usiku kucha. Vya kuwashia na vya kuzimia vyote vinatupitia, na vyote vina haraka ya kufika kwa wengine. Na tanka Wakenya tunalijua. Januari 31, 2009, huko Sachangwan, lori la petroli lilianguka, watu wakaenda kuteka, na zaidi ya 100 wakafa.

Je, moto wa nyikani? Agosti 2020 Tsavo iliwaka. Oktoba mwaka huo ukawaka Kilimanjaro, mlima ambao watu wa Taveta huuona asubuhi mawingu yakiruhusu. Huku walipigana askari wa KWS na wananchi waliojitolea. Kule walipigana wapagazi, wanafunzi na wanakijiji, wengine wakiwa na matawi ya miti mikononi. Prodyusa angelipenda sana lile tawi. Angeweka muziki, angepunguza kasi ya picha, angekuliza machozi. Mimi nikiona tawi naona bajeti. Mtu anayepiga moto kwa tawi ni mtu ambaye hakuna aliyemnunulia pampu.

Na ubaya wa shujaa wa runinga hauishii hapo. Ukimzoesha mtazamaji kwamba nyumba huokolewa na moyo wa mtu mmoja, siku nyumba ikiungua atatafuta mtu mmoja wa kulaumu, naye ni yule aliyefika. Ndiyo maana gari la zimamoto likichelewa, au likija bila maji, miji yetu inajua cha kufanya: kuzomea, na wakati mwingine kurusha mawe. Anayerushiwa ni mwajiriwa aliyeshika mpira wa maji. Aliyekata bajeti yuko nyumbani anatazama taarifa ya saa moja. Makofi na mawe vinatoka mfuko mmoja.

Jibu lenu nalijua: shoo itawapa heshima, vijana watataka kujiunga, labda mfadhili atajitokeza na gari jipya. Heshima wanaistahili, sibishi. Lakini heshima haijazi tangi. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita 100. Panda Wundanyi uone zile kona. Hakuna ujasiri unaoifupisha njia hiyo. Kinachoifupisha ni kituo kilicho karibu na watu, chenye maji, chenye gari linalotembea na chenye mtu wa zamu. Vyote hivyo huanza kama mstari kwenye karatasi ya bajeti, na mstari usipoandikwa, hata Dick Wolf hawezi kuurekodi.

Kwa hivyo prodyusa, karibu Voi, lakini kwa masharti yetu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliweka uzimaji moto na udhibiti wa majanga mikononi mwa kaunti. Kaunti zipo tangu 2013. Kila mwaka makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kabla Aprili haijaisha, na mwananchi ana haki ya kushiriki na kuuliza. Kipindi cha kwanza kianzie hapo. Weka maikrofoni mbele ya mwenye daftari. Uliza magari mangapi yanatembea, tangi linajazwa wapi, nani yuko zamu saa nane za usiku, na mshahara wake unaingia lini. Tukishajua hayo, washa king'ora.

Na msiniambie ati watu hawatatazama. Shamba Shape Up ilianza 2012, kwa Kiswahili na Kiingereza, na ni shoo ya samadi, malisho na mabanda ya kuku. Watu walikaa wakatazama kwa sababu ilieleza mahindi yalikataa kwa nini, na msimu ujao ufanyeje. Kwani moto una siri gani kuliko mahindi?

Prodyusa asipokuja, si simu tunazo? Kikao cha bajeti kikiitishwa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, twendeni tukae mbele, turekodi. Picha itatikisika, upepo utakula nusu ya sauti, na mtu mmoja atasimama aulize maji ya kuzimia moto yako wapi. Hiyo mimi nitaitazama mpaka mwisho.