Jela 63, Makumbusho 63

Mwaka 2025 Makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa, yalitimiza miaka 63. Watu huzoea kusherehekea 50 au 60, lakini sisi huku Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, tunaona 63 ndiyo ya kupigiwa vigelegele. Waingereza waliifanya ngome ile jela mwaka 1895, ikabaki jela hadi 1958. Hesabu mwenyewe. Makumbusho, yaliyofunguliwa 1962, mwaka 2025 yalilingana na jela kwa umri, na kila mwaka unaoongezeka unayapeleka mbele.

Kabla ya minyororo palikuwa nyumbani kwa watu. Wareno walianza kuijenga 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Baadaye Wamazrui, waliokuwa maliwali wa Mombasa, wakaifanya makao yao, mpaka Sultani Seyyid Said alipowang'oa 1837. Askari wa Sultani wakahamia. Kisha wafungwa.

Fedha za ukarabati zilitolewa na Wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon, mji mkuu wa wale wale walioijenga (historia nayo ina utani wake). James Kirkman ndiye aliyefukua mabaki humo na kuwa mhifadhi wa kwanza, na mwaka 2011 UNESCO ikaitia ngome katika orodha ya urithi wa dunia.

Ukipata nafasi ya kufika, usiupite haraka ukuta wenye michoro. Wareno waliokaa humo walichora kwa mkaa na udongo mwekundu: meli zenye matanga, samaki, makanisa ya kwao. Ni kazi ya watu waliochoka kungoja meli. Hongera kwa waliookoa plasta ile isimomonyoke.

Ombi letu ni kwa ajili ya wafungwa. Mreno ana mizinga na michoro yake, Mwomani ana nyumba yake; mfungwa naye apewe chumba kizima. Alifungwa kwa kosa gani? Alikula nini, alilala wapi? Kenya ya wakati ule mtu aliweza kufungwa kwa kushindwa kulipa kodi ya kibanda tu.

Hapa Nakivale, makazi yanayopokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, wamo majirani waliolala mahabusu kwao kabla ya kuvuka mpaka. Chumba hicho kikifunguliwa, hao ndio watakaokisoma mstari kwa mstari.