Mcheza Kwao Hutunzwa, au Hufukuzwa?



Tulikuwa ukumbini, siku ya utamaduni ya jumuiya yetu hapa Uingereza. Mezani palipangwa vinyago, mikeka na picha za twiga na tembo tunazozijua sote. Binti mmoja wa miaka 15 alileta kazi yake: alikata vipande kanga kuukuu za mama yake, akaviunga kwa mifuko ya plastiki na suruali ya jinzi iliyochakaa. Haikupita saa, mzee wetu mmoja akaiondoa. "Utamaduni hauchezewi," alisema. Nasi tuliokuwepo tukanyamaza. Leo tunasema, na lawama tunaanza kujitupia wenyewe.

Kwani hiyo kanga ilitoka wapi? Masimulizi ya pwani yanasema kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso, vitambaa vya mkononi vilivyouzwa kwa jora, wakavikata na kuviunga sita pamoja, wakapata vazi. Ndiyo maana Mombasa kanga huitwa leso mpaka leo. Basi waliochezea vitambaa vya watu ni bibi zetu, na mjukuu wao aliyefuata nyayo tumemwambia kakosea!

Na zile picha za twiga? Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vibao vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Alijaribu, ikakubali. Alifariki mwaka 1972, na jaribio lake leo tunaliita asili.

Wapo watakaotujibu: mkiwaachia watoto wacheze, mila itapotea. Hatukubali. Mtazameni Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja Uingereza kusoma mwaka 1971. Alipogeukia udongo alikwenda Abuja, Nigeria, kuwatazama akina mama wafinyanzi wa Kigwari, akajifunza kufinyanga kwa mkono bila gurudumu. Ndipo akaanza udadisi wake. Chungu kikichomwa penye hewa ya kutosha hutoka chekundu. Kikichomwa tena kwa kunyimwa hewa, hugeuka cheusi. Udongo ni uleule. Vyungu vyake leo vimo British Museum. Alijifunza mila kwa heshima, kisha akaiuliza maswali. Anayeiuliza maswali mila ndiye anayeipenda. Anayeifungia kabatini anaiogopa.

Wapo pia wanaosema mchezo ni uvivu, mtoto akasome udaktari au uhandisi. Sisi tuliosoma uhandisi ugenini tunawaambia: hata kazini kwetu hatuishi bila kujaribu. Kabla ya kuliamini zege, tunalimwaga kwenye vibati vya mraba, tunangoja siku 7, na mengine siku 28, kisha tunaliponda kwa mashine makusudi ili tujue litavunjika wapi. Hakuna bosi anayetuuliza kwa nini tunaharibu saruji. Mbona basi tumuulize msanii kwa nini kaharibu kanga?

Ukweli ni kwamba sisi wazazi tuna hofu. Tuliondoka nyumbani na picha moja kichwani, na kila kinachoigusa tunakiona kinatupokonya. Lakini watoto wetu hawakuondoka na picha hiyo. Kanga, plastiki na jinzi ndivyo vitu vya maisha yao, vyote vilikuwamo nyumba moja. Yule binti aliviunga kwa sababu ndivyo alivyo yeye. Tulipoiondoa kazi yake mezani, tulimwondoa na yeye.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Binti huyu alikuja kucheza kwao, na kwao ni sisi. Tunapendekeza kwa kamati: siku ya utamaduni ijayo iwepo meza ya majaribio, na kazi ya kwanza kuwekwa iwe yake. Kabla ya hapo, tumwendee kwao tukamwombe radhi, sisi wakubwa.