Hesabu za Arusha Zaanzia Kijijini

Katika mdahalo wetu wa muhula huu, wenzangu wengi walisema kwamba jumuiya za afya za nchi nyingi ni kazi bure. Walitaja ile ya nchi za Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, iliyoundwa mwaka 1974 na yenye makao yake Arusha. "Wao wapima na kuandika," walisema, "nasi twataka dawa." Walipigiwa makofi mengi, lakini mimi sikubaliani nao.

Ugonjwa haungoji ruhusa mpakani. Homa ya Bonde la Ufa ilizuka Kenya mwishoni mwa mwaka 2006, na mwaka 2007 ilikuwa imekwisha fika mkoa wetu wa Morogoro. Hapa Mikumi malori ya Zambia hupita usiku na mchana, na treni hupita Kilosa. Nchi ikijihesabia peke yake, habari za jirani itazipata zimechelewa.

Lakini faida ya kuhesabu yaonekana zaidi kwa jirani zetu wa Morogoro Vijijini. Tangu mwaka 1992 wahesabuji walikwenda nyumba kwa nyumba, wakauliza ni nani amefariki na kwa dalili gani, maana wengi walifia nyumbani, si hospitalini. Ikaonekana kwamba malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea kwa vifo vya mapema, lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu! Mradi wa TEHIP ukawasaidia wakuu wa afya kuzigawa fedha upya, na vifo vya watoto vikapungua sana. Je, wenzangu, hiyo si dawa?

Kasoro naiona kwetu wenyewe. Mtoto akifariki kwa homa kijijini, huzikwa, matanga yakaisha, na jina lake lisiandikwe popote. Basi hao wa Arusha watapima nini?

Nawaomba wazazi wetu, ingawa ni jambo zito kwa mfiwa, wapeleke habari za msiba kwa mtendaji wa kijiji. Nasi wa Kidato cha Nne tukimaliza mtihani twakaa nyumbani miezi mingi, na kuandika twajua. Mimi na mwenzangu mmoja wa Mikumi tumekwisha patana kumwendea mtendaji wetu mwezi wa Desemba, tumwulize kama atatukubali tumsaidie.