TAHARIRI: BOTI HII IWE MKONONI MWA NANI?



Ijumaa ijayo baada ya sala, inshaallah, utafanyika mkutano mkuu wa Ushirika wetu katika jengo la skuli. Ajenda ziko tano, lakini sote tunaijua ile moja inayowaweka watu barazani mpaka usiku mkubwa. Fedha tulizodunduliza miaka minne zimetosha kununua boti na mashine yake. Boti moja tu. Wavuvi wanaitaka, na wakulima wa mwani wanaitaka.

Sisi wa Kamati ya Gazeti tumeombwa na baadhi ya wazee tunyamaze, tusije tukawasha moto. Tunawaheshimu wazee wetu, ila tumeona kunyamaza ndiko kunakowasha moto, maana lisilosemwa ukutani husemwa vichochoroni, na la kichochoroni huongezwa chumvi. Basi tunasema letu waziwazi, na asiyeridhika aje mkutanoni aseme lake.

Letu ni hili: boti ikabidhiwe kikundi cha mwani, na wavuvi waikodi katika usiku wa giza. Sababu zetu ni hizi.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Kisiwa hiki hakina barabara ya kujivunia wala bandari. Mtu akiumwa usiku, tunasubiri maji yajae ndipo dau lielee tumvushe ng'ambo, kisha kitafutwe chombo cha kumfikisha Mkoani. Ardhi yetu ni mawe na michongoma, na shamba la mpunga lililo karibu na mikoko siku hizi linaonja maji ya chumvi. Wazee wetu walikuwa wakivuka kwenda kuchuma karafuu Pemba kubwa, na ikawa ndiyo fedha ya nguo na ya harusi. Miaka ya 1980 bei ya karafuu ikaanguka vibaya, kwa kuwa Indonesia, aliyekuwa mnunuzi mkubwa, alipanda zake zikamtosha. Hapo tulijifunza kwamba anayetegemea mti mmoja, mti ukikauka naye hukauka.

Ndipo ukaja mwani. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki wa Unguja, kule Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Haikupita miaka mingi ukafika Pemba, ukafika na hapa kwetu. Wanaume wengi tuliucheka. Tulisema ni majani ya baharini, nani atayanunua? Mama zetu na dada zetu hawakucheka. Walichukua kamba na vijiti, wakasubiri bamvua, maji yakipwa wakateremka kufunga tai-tai jua likiwachoma mgongo. Baada ya wiki sita walivuna, wakaanika, wakauza. Leo Zanzibar ina wakulima wa mwani zaidi ya elfu 20, na wengi mno ni wanawake. Yale majani tuliyoyacheka huvushwa ng'ambo, viwandani hutolewa ute wa kuzitia uzito dawa ya meno, aiskrimu na dawa za hospitali.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Hapa kwetu waliogaagaa na upwa ni wanawake, na wali tuliokula sote. Nani kati yetu hajavaa sare ya skuli iliyotokana na mwani? Mabati mangapi ya kijiji hiki yalinunuliwa na mwani? Hesabuni wenyewe, msingoje Katibu awahesabieni.

Sasa yako wapi matatizo? Upwa wenyewe umebadilika. Mwani ni wa aina mbili. Upo mwembamba, ule wa spinosamu, ambao ni mgumu lakini bei yake ni ndogo. Na upo mnene, ule wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kotonii imekuwa ikifa sehemu nyingi za Zanzibar. Hapa kwetu kila mwenye shamba ameyaona: kaskazi ikikolea, jua likipiga yale maji machache yaliyobaki upwani, matawi hugeuka meupe kama yaliyopikwa, yakalainika na kukatika. Ukirudi siku ya tatu unakuta kamba tupu. Si husda wala si uchawi, jamani, na tuache kuwatazama majirani kwa jicho baya. Ni maji kupata joto kupita kiasi, na mmea uliochoka kwa joto hushikwa na maradhi upesi.

Dawa yake inajulikana. Wataalamu wetu wenyewe, akiwemo Dokta Flower Msuya aliyeutafiti mwani wa Zanzibar miaka mingi, wamejaribu kuupeleka mwani maji ya kina, ambako joto halipandi sana. Huko huchomeki vijiti. Kamba hufungwa kwenye nanga au mawe mazito, ikashikiliwa juu na maboya, ikipanda na kushuka pamoja na maji. Wengine wanautia mwani ndani ya wavu mrefu ulioshonwa kama mfuko wa mto, ili mawimbi yasiukate. Hata kungoja bamvua si lazima. Lakini kuna jambo moja huwezi kulikwepa: kilimo cha maji ya kina hakilimwi kwa miguu. Kinataka chombo.

Na sisi chombo cha wanawake hatuna. Matokeo yake tumeyaona kusi iliyopita. Kina mama wanne walijaribu kufunga kamba zao mbele ya ukingo wa mwamba, maji yakiwa kifuani, kwa kuwa ndani zaidi mwani ulikuwa umekufa wote. Maji yakaanza kujaa na upepo ukaongezeka. Mmoja wao, mama wa watoto watano, aliteleza, maji yakampita kichwa. Hajui kuogelea. Aliokolewa kwa kushika kamba ya mwani wake mwenyewe, mpaka mvulana mmoja aliyekuwa akitafuta pweza akamfikia na kumvuta. Alhamdulillahi yu hai, na keshokutwa yake alirudi shambani, kwani angefanya nini? Sisi watu wa Pemba hatuhitaji kufundishwa bahari inavyochukua. Tangu ule usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander, msiba wa bahari hauko mbali na mlango wa mtu yeyote hapa. Je, tungoje mpaka tumzike mmoja ndipo tuseme boti ingefaa?

Hapa inatupasa kukiri kosa letu. Katika gazeti hili hili, mwaka juzi, tuliandika kwamba mwanamke hana haja ya kupita ukingo wa mwamba, na kwamba bahari ya nje ni ya wanaume. Maneno yale yalikuwa ya baraza, hayakuwa ya kufikiri. Tuliyaandika tukiwa tumekaa kivulini. Tunayafuta.

Tugeuke sasa kwa ndugu zetu wavuvi, maana nao wana haki na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema miamba ya karibu imechoka, samaki wamekuwa wadogo, na mwenye ngalawa ya tanga hafiki kwenye samaki. Ndiyo maana vijana wanakwenda dago miezi na miezi, Unguja, Mafia, wengine mpaka pwani ya Kenya. Wanasema, tupeni boti yenye mashine tuvue na kulala majumbani kwetu. Maneno mazuri, yakhe, na tungependa yawe kweli.

Lakini tuulizane bila hasira. Ushirika ulipopata mkopo wa kwanza ulinunua nini? Ulinunua nyavu. Nyavu zile zilikwenda wapi? Zilikwenda dago. Zilirudi? Hazikurudi, na hesabu yake mpaka leo haijasomwa mkutanoni. Hatusemi mtu kaiba, na jina la mtu hatulitaji. Tunasema mali ya wengi ikitoka machoni pa wengi hupotea, hata kwa mikono ya watu wema. Boti ya mwani haiwezi kwenda dago. Shamba haliondoki. Boti itakuwa hapa mbele yetu kila siku, na kila mwenye macho ataiona ikielea au ikiharibika.

Tena, boti moja haitaurudisha mwamba uliochoka. Jirani zetu wa Kisiwa Panza waliwahi kufunga sehemu ya mwamba wa pweza kwa muda, kisha wakaufungua. Pweza ni mnyama wa maisha mafupi na hukua upesi sana. Ukimpa miezi mitatu huyo wa leo wa kutia mfukoni anakuwa wa kubebwa kwa mikono miwili. Jambo hilo halitaki mashine, linataka makubaliano tu. Wavuvi wakilileta mkutanoni, gazeti hili litawaunga mkono.

Wapo wanaosema mwani wenyewe una faida gani, bei ya mnunuzi ni ya kutupwa. Kweli ni ndogo. Ila tazameni kwa nini ni ndogo. Mnunuzi huja na kamba na tai-tai, anazigawa kwa mkopo, kisha mkulima halazimiki kwa karatasi bali kwa haya: huwezi kumuuzia mwingine. Bei akiitaja, ndiyo hiyo. Tukiwa na kamba zetu, na boti yetu, na tukaotesha kotonii tena, mwani mkavu tutauweka ghalani. Mwani uliokauka vizuri, usiolowa na usio na mchanga, hauozi upesi. Utaweza kungoja mnunuzi wa pili na wa tatu. Hapo ndipo tutakapojua bei ya kweli.

Na si jambo geni tunaloliomba. Mwaka 2022 Serikali ya Zanzibar ilipogawa boti, haikuwapa wavuvi peke yao. Wakulima wa mwani nao walipewa. Ikiwa Serikali imeona mwani unataka boti, sisi tunaoishi nao tutashindwaje kuona?

Basi tunapendekeza hivi, na tunaomba yaandikwe katika daftari la Ushirika, yasibaki midomoni.

Kwanza, boti iwe ya Ushirika, ikabidhiwe kikundi cha mwani kila siku mchana, na viongozi wa kikundi ndio watakaoshika ufunguo wa mashine.

Pili, katika usiku wa giza, wakati dagaa wanavuliwa kwa taa, wavuvi waikodi. Wajaze mafuta yao, walipe kodi itakayopangwa na mkutano, na alfajiri boti iwe imerudi ufukweni, imeoshwa. Kodi hiyo iwekwe mbali kwa ajili ya kutengeneza mashine, maana mashine ni kama mgonjwa wa presha, haina siku maalumu ya kuanguka.

Tatu, boti isitoke bila jaketi za kujiokolea kwa kila aliyepanda. Na kabla ya kaskazi kuingia, kina mama wanaotaka wafundishwe kuogelea, wenyewe kwa wenyewe, mahali pa stara palipochaguliwa nao. Mwanamke anayejua kuogelea hajapungukiwa na heshima. Kilichopungua ni hatari ya watoto wake kubaki yatima.

Nne, wachaguliwe wasichana wawili na wavulana wawili waliomaliza skuli, wafundishwe unahodha na ufundi wa mashine.

Hili la nne ndilo lililo moyoni mwetu zaidi. Kila mwaka tunawasindikiza vijana ufukweni wakiwa na mabegi. Wanasema wanakwenda kutafuta maisha. Hatuwalaumu. Mtoto aliyesoma miaka kumi na zaidi akirudi hapa, tunampa nini? Tunampa jembe la mawe na nafasi barazani. Wengi hawarudi isipokuwa kwa Idi na kwa mazishi. Tukiendelea hivi, kisiwa kitabaki na wazee, wajukuu na makaburi. Lakini kijana akiona hapa pana mashine ya kuitengeneza, shamba la maji ya kina la kuliangalia na ghala la kuliandikia hesabu, huenda mmoja katika watano akaliweka begi chini. Mmoja huyo ndiye tunayemtaka. Kijiji huanza na mmoja.

Boti hii haitatujengea bandari. Haitaleta daktari wala haitayapoza maji ya kaskazi. Italeta jambo dogo: watu wanaoilisha nusu ya kijiji watafanya kazi yao bila kuzama. Tukishindwa kulitenda hili dogo, tusijidanganye kwamba tunangoja makubwa.

Mkutano ni Ijumaa. Wanaume msije peke yenu mkasema mmewasemea wake zenu. Kina mama msikae nyuma mkanong'ona, kaeni mbele mseme. Kila mwanachama aliyelipa hisa yake ana kura moja, awe na ngalawa au awe na kamba tu.

Anayeweza kusoma amsomee asiyeweza. Na tafadhali karatasi hii isibanduliwe kabla ya Ijumaa, hata na asiyependezwa nayo.

Umoja ni nguvu.

Kamati ya Gazeti la Ukutani