XO Haikufa, Tuliifungia Kabatini

Yapo maneno yaliyozoeleka vinywani mwa wasomi wetu: kwamba kompyuta mpakato za XO, zile ndogo za kijani na nyeupe, zilishindwa Rwanda kwa sababu walimu walikuwa wavivu na watoto waharibifu. Nayapinga.

Tuanze na ahadi yenyewe. Mwaka 2005, mjini Tunis, Nicholas Negroponte na Kofi Annan waliuonyesha ulimwengu kompyuta ya mtoto: bei dola 100, tena yenye mkono wa kuzungusha ili ijizalishie umeme. Iliyotoka kiwandani haikuwa na mkono huo, na bei ilikaribia dola 200. Rwanda ilianza kuzigawa mwaka 2008, ikafikisha zaidi ya 200,000, ilhali shule nyingi za msingi hazikuwa na umeme. Je, huo nao ni uvivu wa mwalimu?

Katika shule niliyosoma hapa Rubavu, XO zilikaa kabatini. Mwalimu aliogopa kuzitoa, kwani ikivunjika moja, anayeulizwa ni yeye. Chaja ikiharibika, hapakuwa na nyingine. Tulizigusa mara chache, watatu kwa moja, na kabla ya kengele zilihesabiwa kama mbuzi zizini.

Wakati huohuo, mwendo mfupi kutoka shuleni, njia ya kwenda mpaka wa Goma, vijana walikaa na bisibisi zao wakifufua simu zilizokufa. Hakuna aliyewaita. La ajabu ni kwamba walioibuni XO walitaka ifunguliwe: ndani ya mpini wake waliweka skrubu za akiba! Sisi tukaifanya amana ya kulindwa.

Atasema mtu kwamba tumejifunza: tangu 2015 kompyuta za Positivo zimeunganishwa hapahapa Kigali, na shule zimepewa vyumba maalumu vya kompyuta. Sawa. Lakini chumba kinachofungwa kwa hofu ileile ni kabati kubwa tu.

Sisi tutakaoshika chaki kesho tudai mambo mawili kabla ya mashine nyingine kuletwa. Kwanza, kila shule iwe na fundi wa karibu anayelipwa kuzitengeneza. Pili, mwalimu asidaiwe kitu kilichoharibika darasani kikitumika. Kompyuta iliyochakaa mikononi mwa watoto imefanya kazi yake. Inayozeeka kabatini ikiwa mpya ndiyo hasara.